Siku Nilipokwama Juu ya Mukau wa Wakwe

Wembe haukai mdomoni.

Nimeanza na hilo kwa sababu juzi nilipita kitaluni Kwa Vonza kuwasalimia, nikakuta mmoja wenu, jina sitaji, amebana wembe kwa meno huku mikono yote miwili inatafuta simu mfukoni. Haki ya Mungu! Mimi nilistaafu na vidole vyangu vyote, ingawa viwili havinyooki tena, na ulimi wangu mzima kama mnavyousikia. Nyinyi mtastaafu na nini? Basi tulieni. Mama yenu niwaambie mambo mawili matatu ya kazi, halafu niwasimulie ile siku ya Tseikuru, maana najua mmeisikia kwa watu ambao hawakuwepo, na wameiharibu kabisa.

Kwa wale mliotoka mbali, mukau ndio mti wetu wa Ukambani. Mbao yake ni nyekundu, mchwa wanaionja na kuiacha. Ukiona mzinga wa kienyeji umedumu kuliko aliyeuchonga, uliza, utaambiwa ni mukau. Mvua ikija, unakua. Mvua isipokuja, unanuna kidogo halafu unaendelea kukua. Shida yake ni kuzaliwa tu. Tunda lake ni kama ndimu ndogo ndefu, ndani kuna kokwa ngumu ya kuvunja meno, na ndani ya kokwa kuna vimbegu vyembamba vyeusi vimelala usingizi wa mlevi. Kuviamsha ndiyo kazi iliyonilisha.

Nilipoanza, sisi wanawake wa kikundi tulijua dawa moja tu ya mbegu ngumu: maji moto. Migunga inapenda hivyo, unaimwagia maji yaliyochemka, unaacha yapoe, kesho unapanda na wiki hiyo unaona kijani. Tukasema, mukau ni nani hata ajione tofauti? Tukachemsha sufuria kubwa ya kanisa, ile ya kupikia wageni, tukamimina, tukafunika, tukaimba. Mzee Nzioki, aliyekuwa mkuu wa kitalu, akaja asubuhi, akafunua kifuniko, akanusa. Akatuangalia mmoja mmoja. "Chumvi mmeweka?" akauliza. "Maana mmepika, na mimi sijanywa chai."

Hakugomba. Mzee Nzioki hakujua kugomba, alijua kukuaibisha polepole mpaka ukajifunza. Alikuwa na kigogo chenye mfereji katikati. Unalaza kokwa kwenye mfereji, unaweka makali ya kisu kwenye ule mstari wake, unagonga mgongo wa kisu na nyundo ndogo. Alikuwa akituambia, "Bisha hodi, usivunje nyumba." Ukivunja nyumba, mwenye nyumba anakufa humo ndani. Ukishatoa mbegu unaikata ncha kidogo sana, unailoweka usiku mmoja, asubuhi unapasua ngozi yake kwa wembe kutoka juu hadi chini bila kugusa nyama. Halafu mchanga wa mto. Mchanga lazima ukaangwe kwenye bati mpaka utoe moshi, usubiri upoe, ndipo upande, maana kuna ukungu unaokula miche shingoni. Na maji, jamani! Mnamwaga maji kama watu wanaozima moto. Nyunyizia kama mtu anayenyunyizia shati kabla ya kupiga pasi. Mukau ni mtoto wa ukame, ukimzidishia maji unamuua kwa upendo.

Lakini mwalimu wa kweli wa mukau si Nzioki, ni mbuzi. Mbuzi anapenda tunda lile kuliko chochote. Analimeza mchana, usiku akiwa zizini anacheua, anakula nyama ya tunda na kutema kokwa safi kabisa. Asubuhi unaingia zizini na kiondo, unaokota. Wazee wetu walijua hivyo kabla kitalu hakijazaliwa. Ndiyo maana mkiniona kwa watu, hata kwenye matanga, macho yangu yanaenda zizini kwanza. Watu wanafikiri nahesabu mali yao.

Na msije mkadhani ni mukau peke yake. Kuna muuku, mbegu zake zina mabawa, ukizianika siku ya upepo utazifuata mpaka Makueni. Kuna kitoo, lile tunda tunalotafuna likavutika mdomoni kama ubani wa dukani. Kwa kitoo nawapa sheria moja: usimtume mtu mwenye njaa akachume mbegu. Niliwahi kumtuma shemeji yangu na gunia, akarudi na gunia tupu na shavu limevimba, akasema mwaka huu miti haikuzaa. Alisema hivyo huku anatafuna.

Sasa sikilizeni kilichonipeleka Tseikuru.

Kuna siku mkulima mmoja wa upande wa Kiboko alikuja kitaluni. Alikuwa amenunua miche yetu ya mukau miaka mingi nyuma, akaipanda, akailinda na mbuzi, akaingoja. Alikuja na picha kwenye simu. "Mama," akaniambia, "nilikuomba mbao, ukanipandia manati." Nikaangalia picha. Wacha tu. Kila mti ulikuwa umegawanyika kiunoni, tawi huku na tawi kule, shamba zima limeinua mikono kama kanisa wakati wa maombi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, lakini jioni nyumbani sikucheka tena. Yule mtu alikuwa ametoa sehemu ya maisha yake kungojea miti yangu.

Nikamuuliza Mzee Nzioki, wakati huo tayari ameng'atuka, anafuga kuku. Akanijibu swali kwa swali. "Hapa kwetu mtu akitaka mlango anakata mukau gani?" Nikasema, ulionyooka. "Na anaacha upi?" Uliopinda. "Basi mbegu unaokota wapi?" Uuwi! Mwana hutazama kisogo cha nina. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunakata akina mama walionyooka na kupanda watoto wa waliopinda, halafu tunashangaa. Kuanzia siku hiyo nilitafuta mukau mmoja tu ulionyooka kwelikweli, wenye matunda, ambao hakuna aliyeufikia na panga. Nilizunguka Kitui, nikazunguka Makueni. Kila nilipofika nilionyeshwa kisiki, na mwenye boma ananiambia kwa majivuno, "Hapa ndipo ulikuwa, mrefu huo!"

Ndipo binti yangu Mwende akapata mchumba. Kijana anaitwa Musyimi, kwao Tseikuru, mfugaji, mpole, anaimba besi kanisani. Baba yake, Mzee Munyoki, akatuma mbuzi wa ntheo, wale wanaopelekwa kwao msichana kusema kwamba huyu sasa ni wetu. Wakaja kwa lori la kijana mmoja anaitwa Abdi, Mwislamu wa huko kaskazini, anayesafirisha mifugo na vitu vya watu. Mambo yakaenda vizuri, tukala, tukaomba, tukaimba. Asubuhi nikaamka kabla ya kuku, nikaingia zizini na kiondo.

Vijana wangu, nilipiga magoti kwenye mavi ya mbuzi na nguo yangu ya sherehe. Mbuzi wale walikuwa wametema kokwa kubwa ajabu, sijawahi kuona. Nikamkimbilia shangazi yake Musyimi, aliyelala kwetu, nikamtikisa. Akasema, nusu usingizini, "Aa, hizo ni za ule mukau wa kando ya boma letu. Umenyooka huo, hata mwewe akikaa juu hatumjui ni mwewe." Akageuka ukutani akalala. Mimi sikulala tena wiki nzima.

Wiki ya harusi, wanawake wa upande wetu tulikwenda Tseikuru kulijua boma ambamo mtoto wetu ataishi. Tulichagua siku ya soko la mifugo makusudi, wanaume wawe mbali. Na hapo lazima niwaeleze, maana nyinyi wa siku hizi mnapiga selfi na mama mkwe. Kwetu, mama wa bibi harusi ni muthoni, mkwe, na kijana aliyemwoa binti yake hamtazami ovyoovyo. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Kanisa limelegeza, simu zimelegeza, lakini wazee wa Tseikuru hawajalegea. Na baba wa kijana naye unamheshimu hivyohivyo, kwa mbali, macho chini. Heshima si utumwa, tulifundishwa hivyo.

Tukapokewa vizuri. Tukala muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, tukanywa chai, wenzangu wakaanza kukagua jikoni. Mimi nikasema natoka kidogo kuona mbuzi. Nikazunguka zizi, nikainua macho.

Nitasema nini? Ulikuwa umenyooka kutoka ardhini mpaka nikaumia shingo. Hakuna manati, hakuna mkono, hakuna kona. Matunda yamejaa juu, mengine yameanza kuwa ya njano. Nikaukumbatia. Nikauzunguka nikicheza, peke yangu, mama mzima, mbuzi wananiangalia. Halafu nikaona ngazi ya ghala imeegemea ukuta.

Msinitazame hivyo. Kazi yangu ilikuwa kupanda miti! Nikavaa sweta yangu ya maua vizuri, nikafunga sketi kwa leso, nikatundika kiondo begani, nikapanda. Nikafika kwenye matawi ya kwanza, nikakaa, nikaanza kuchuma huku naimba moyoni. Kiondo kilikuwa hakijafika nusu nikasikia lori.

Mzee Munyoki na Musyimi walikuwa wamerudi mapema, na Abdi ndiye aliyewaleta. Wakashuka wote watatu wakaja moja kwa moja chini ya mti. Sasa nifanye nini? Mkwe wangu yuko chini, baba yake yuko chini, na mimi niko juu kwenye tawi na sketi. Nikajifanya jani. Nikajibana kwenye shina, nikashika pumzi.

"Nani ameacha ngazi hapa?" Mzee Munyoki akauliza. Musyimi, kijana mtiifu, akaibeba akairudisha ghalani. Nikamwona anaondoka nayo na roho yangu ikaondoka nayo.

Abdi akashusha kitu kutoka kwenye lori. Pawa! Ule msumeno wa injini. Mzee Munyoki akapiga shina kwa kiganja, akasema kwa sauti ya furaha, "Kitanda cha Musyimi na Mwende kinatoka hapa, mwanangu. Na mlango. Na ikibaki, kabati."

Huo ni mti niliokuwa nimeutafuta wilaya mbili, na wanaukata ili binti yangu mwenyewe alale vizuri! Nikisema kitu, naaibisha ukoo mzima. Nikinyamaza, mti unakwenda, na mimi nakwenda nao. Abdi akavuta kamba ya pawa, ikakohoa. Nikachukua tunda, nikalenga.

Likampata begani. "Nyani," Abdi akasema, akavuta tena.

Nikatupa la pili. Hilo liliponyoka mkononi, wallahi sikulikusudia, likaangusha kofia ya Mzee Munyoki.

"Nyani wa siku hizi hawana malezi," mzee akasema, akaiokota.

Abdi akarudi nyuma hatua moja, akakinga macho na jua, akaangalia juu. Akaangalia kwa muda. Akaweka pawa chini. "Mzee," akasema polepole, "nyani wako amevaa sweta ya maua."

Musyimi akainua kichwa nusu tu, akaiona sweta. Alikuwa ameiona siku ya ntheo kutoka mbali. "Ni mama!" akalia, akaingia chini ya lori kama mtu anayekimbia mvua ya mawe. Mzee Munyoki akageuka papo hapo, akatazama ua wa zizi, mgongo amenipa mimi, mikono nyuma. Hakuna aliyethubutu kuangalia juu. Isipokuwa Abdi, ambaye hakuwa muthoni wa mtu yeyote.

"Abdi," Mzee Munyoki akamwambia ule ua, "muulize mama kama amefika salama."

"Mama, umefika salama?" Abdi akaniuliza.

"Mwambie nimefika salama, namshukuru Mungu."

"Anasema amefika salama." Nilisikika mpaka sokoni, mzee yuko hapo hapo chini, lakini lazima iwe hivyo.

"Muulize anahitaji nini huko juu."

"Mwambie," nikasema, "kwa heshima kubwa sana, namwomba asikate mti huu."

Abdi akakuna kichwa. "Mzee, mama anasema wewe ni mtu mkubwa, boma lako ni zuri, mbuzi wako wamenona, na kama ingewezekana, asante sana, mti ungebaki."

"Sikusema mbuzi!" nikamkatiza.

"Nimeongeza yangu, mama. Maneno yako yalikuwa makavu."

Mzee Munyoki aliposema tena, sauti yake haikuwa na mchezo. "Mwambie mti huu aliuacha marehemu baba yangu. Mafundi walikuja na mafundi wakarudi, akawakatalia wote. Alisema ni wa kitanda cha mjukuu wake wa kwanza akioa. Mimi nilisema hivyo mbele ya ukoo. Nirudi niseme nini?"

Abdi hakuongeza kitu hapo. Alinitazama tu. Na mimi, vijana wangu, niliona aibu, kwa sababu mzee alikuwa na haki. Lakini nilikuwa na kiondo cha matunda mapajani na shamba la manati kichwani. Nikasema, "Muulize mzee. Baba yake alimwachia Musyimi mti. Musyimi atamwachia mwanawe nini?"

Abdi akamwambia neno kwa neno. Mgongo wa mzee haukusogea. Wale mbuzi wakaja wakaanza kula matunda niliyotupa, krach, krach.

Hapo ndipo nikamsikia Musyimi kutoka chini ya lori. Alikuwa amepiga simu. "Mwende," ananong'ona, na besi yake hainong'oni, "mama yako yuko juu ya kitanda chetu."

Nikasikia simu ikipiga ukelele, "Yuko wapi?"

"Kitanda bado ni mti!" akasema Musyimi. "Yuko juu yake, na baba yuko hapa, na pawa iko hapa, Mwende, sema naye!"

Mkono ukatoka chini ya lori na simu. Abdi akaichukua, akapanda juu ya kabini ya lori, akaweka spika, akainyoosha mpaka karibu na miguu yangu. Mwende wangu, alikuwa Kwa Vonza anashonewa gauni.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Harusi ni Jumamosi."

"Najua."

"Uko juu ya mti kwa wakwe zangu."

"Nipo."

Halafu akasema, na hakupaza sauti, "Mama, mimi nimekua nikingoja umalize kumwagilia maji. Nilikuwa nakaa kwenye geti la kitalu na sare ya shule mpaka jua linazama, na wewe unasema bado kitanda kimoja cha miche. Sikuwahi kukulaumu. Lakini leo niambie tu. Kati yangu na huo mti, uliyemzaa ni nani?"

Mnajua mimi nina jibu la kila kitu. Safari hii nilitazama lile shina lililonyooka, nikaona geti la kitalu na mtoto amekalia mkoba wake wa shule. Machozi yakanitoka, yakamdondokea Abdi, maskini, ambaye alikuwa ameshapigwa tunda.

"Ni wewe," nikasema. "Ni wewe, Mwende. Abdi, mwambie mzee nashuka. Mwambie akate. Kitanda ni cha mtoto wangu. Mimi haya matunda yananitosha."

Abdi akafungua mdomo. Mzee Munyoki akainua mkono wake, mgongo bado umenigeukia, akamnyamazisha.

Sasa kuna jambo lazima mlijue. Kwetu mama wa bibi harusi hupelekewa blanketi na upande wa kijana. Ni la kumshukuru kwa usiku wote aliokosa kulala akimlea yule mtoto. Langu lilikuwa halijaja bado.

Mzee Munyoki akakohoa. Halafu akasema na mimi mwenyewe, bila Abdi, neno lake la kwanza kwangu tangu watoto wetu wajuane. "Mama Mwende, blanketi lako nimelichelewesha. Nisamehe. Ndilo hilo umelikalia."

Kisha simu ikaanza kucheka. Mwende alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na fundi wa gauni anauliza kuna nini. "Mama, pokea!" akapiga kelele. "Pokea blanketi, ushuke!" Chini ya lori nako kukaanza kucheka kwa besi.

"Nimepokea, Baba Musyimi," nikamjibu, mimi mwenyewe. "Mungu akubariki. Na huyo mjukuu wa marehemu baba yako utamwambia nini kuhusu kitanda?"

"Yuko chini ya lori," akasema, "amesikia."

Abdi akabaki juu ya kabini, anatazama huku, anatazama kule. "Sasa mnaongea wenyewe," akasema. "Mimi nimwambie nani nini?"

Nilishukia kwenye kabini ya lori lake, wanaume wote wakitazama zizi kwa bidii kubwa, na Mama Musyimi akanipokea na leso na vigelegele na wenzangu wote nyuma yake, kwa sababu walikuwa wamesimama mlangoni pa jiko muda wote huo wakisikiliza, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunisaidia. Walisema hawakutaka kuharibu mazungumzo.

Kile kitanda cha mbele cha miche iliyonyooka, mnachokimwagilia maji mengi mno, ni watoto wa mti huo. Yule mkulima wa Kiboko alipewa wa kwanza. Kitanda cha Mwende kilinunuliwa Mwingi, cha chuma, na ananiambia kinalia usiku. Mimi sina la kusema. Kila nikienda Tseikuru kuchuma matunda ya blanketi langu, nakuta kuna mjukuu mwingine wa kubeba, na Mwende ananingoja getini.